Kununua kamkoda ya kwanza ya mahojiano: tazama matundu kabla ya lenzi

Kwa upande wa picha, mahojiano ni kazi nyepesi. Mtu kaketi, anazungumza, kamera imesimama kwenye stendi na hakuna anayekimbia. Kinachotakiwa ni sauti safi, uso unaoonekana vizuri na kamera isiyokatika katikati ya jibu. Lakini dukani mnunuzi huonyeshwa zumu na idadi ya megapikseli, vitu visivyo na uzito mkubwa kwenye mahojiano, na tundu la maiki halitajwi hata kidogo. Ndiyo maana watu hurudi nyumbani na kamkoda (kamera iliyotengenezwa kwa ajili ya video) nzuri ya kurekodi mechi ya mpira, kisha wakagundua kwamba haina pa kuchomeka maiki.

Simu nzuri ya leo inatoa picha safi, na kamera ya picha yenye lenzi ya kubadilisha inaishinda. Kamkoda ina faida ya aina nyingine: ukishabonyeza kitufe, inarekodi mpaka kadi ijae au betri iishe. Kamera nyingi za picha za miaka ya 2010 hujikata baada ya dakika 29 na sekunde 59, kwa sababu wakati huo Umoja wa Ulaya ulitoza ushuru mkubwa zaidi kamera yenye uwezo wa kurekodi dakika 30 au zaidi. Hata zile zisizo na ukomo huo, baadhi hupata joto zikirekodi 4K (video yenye pikseli mara nne ya Full HD) kwa muda mrefu na kujizima. Simu nayo hupigiwa na hujaa. Kwa anayerekodi wazee wakisimulia historia ya mji wao, saa moja na nusu bila kusimama, hilo peke yake ni sababu ya kutosha ya kutafuta kamkoda.

Matundu mawili yanayoamua

Kabla hujauliza bei, geuza kamera na ufungue vifuniko vyake vyote vya pembeni. Unatafuta tundu la milimita 3.5 lililoandikwa MIC, na jingine lenye alama ya hedifoni. La kwanza likikosekana, irudishe. La pili likikosekana, fikiri mara mbili.

Kanuni ni hii: kila umbali kati ya mdomo na maiki unapoongezeka mara mbili, sauti ya msemaji hupungua kwa takriban desibeli 6, lakini kelele za chumba hubaki palepale. Maiki ndogo iliyobanwa kwenye nguo, sentimita 25 kutoka mdomoni, ikilinganishwa na maiki ya ndani ya kamera iliyo mita 2 mbele, inapata sauti yenye nguvu ya desibeli 18 zaidi. Tofauti hiyo ndiyo inayotenganisha sauti ya mtu na feni, jokofu, bodaboda za nje na mwangwi wa kuta za saruji chini ya bati. Programu za kusafisha sauti husaidia, ila mwangwi uliokwisha kuingia ndani ya maneno hautoki vizuri.

Sony HDR-CX405 ni mfano mzuri wa mtego. Ni nyepesi, imeuzwa sana, ina zumu ya kweli ya mara 30, na haina tundu la maiki wala la hedifoni. Ukishakuwa nayo, njia iliyobaki ni kurekodi sauti kwa kifaa kingine, iwe rekoda ndogo au simu yenye maiki, upige kofi moja mbele ya kamera mwanzoni, kisha uoanishe sauti na picha wakati wa kuhariri. Inawezekana kabisa, na kama kamera hiyo unayo tayari usiitupe. Ila usiinunue leo kwa kazi hii.

Plagi nazo zina lake. Hesabu pete nyeusi kwenye ncha ya plagi ya maiki. Pete mbili ni plagi ya kawaida ya kamera. Pete tatu ni ya simu, na ukiichomeka kwenye kamkoda mara nyingi utapata kimya au sauti hafifu yenye mngurumo mpaka utumie adapta ya kugeuza pete tatu kuwa mbili. Boya BY-M1, maiki ya waya inayopatikana karibu kila duka la vifaa vya video, ina pete tatu lakini imewekewa swichi: upande mmoja simu, upande mwingine kamera. Ikiwa kwenye kamera inatumia betri ndogo ya kidonge aina ya LR44, na ukisahau kuirudisha swichi baada ya kazi, betri inaisha ikiwa mfukoni. Weka LR44 ya akiba kwenye mkoba kila mara. Waya wake wa mita 6 unatosha kwa chumba chochote cha kawaida.

Hedifoni ndizo zinazokujulisha kwamba swichi hiyo haikuwashwa, kwamba mgeni (anayehojiwa) amefunika maiki kwa ushungi, au kwamba mkufu unagonga maiki kila anapopumua. Mistari ya sauti kwenye skrini haitoshi, kwani hucheza kwa mkwaruzo sawasawa na inavyocheza kwa maneno. Baadhi ya kamkoda za Canon za familia ya HF R hutumia tundu moja kwa hedifoni na kwa waya wa kupeleka picha kwenye TV. Ukichomeka hedifoni bila kuchagua hedifoni kwenye menyu, unasikia mlio mbaya na kudhani maiki imeharibika.

Kitu cha tatu hakionekani kwa nje: menyu ya kuweka kiwango cha sauti kwa mkono. Kamera ikiachwa ijirekebishe yenyewe, hupandisha sauti kila mgeni anaponyamaza. Utasikia feni ikiinuka taratibu katikati ya sentensi mbili, kisha neno la kwanza la jibu likilipuka, kisha feni ikizama tena. Kasoro hiyo haiondoki kwenye kuhariri bila kuacha alama. Ukiwa na udhibiti wa mkono, mwambie mgeni aeleze alivyofika hapo kwa sauti yake ya kawaida, na upandishe kiwango mpaka mstari ucheze kati ya desibeli hasi 20 na hasi 12. Akicheka, ufike kama hasi 6. Usikubali uguse sifuri, kwa sababu sauti iliyopasuka haitengenezeki. Watu huongeza sauti wanapozoea, hivyo iangalie tena baada ya dakika tano.

Kama bajeti inaruhusu, kamkoda zenye matundu ya XLR, yaani matundu makubwa ya duara ya maiki za kitaalamu, zinakupa kufuli ya plagi isiyochomoka mtu akijikwaa kwenye waya, umeme wa volti 48 kwa maiki zinazouhitaji, na vitufe halisi vya kiwango kwa kila upande wa sauti (chaneli). Zaidi ya hapo, unaweza kuweka maiki ya mgeni upande wa kwanza na maiki ndefu ya mwelekeo mmoja upande wa pili, ukiushusha wa pili kwa desibeli 6 hadi 10. Mgeni akipiga kelele ghafla, upande wa pili unakuwa mzima.

Picha: uso, mwanga na kanzu nyeupe

Ukubwa wa sensa, kipande kinachopokea mwanga nyuma ya lenzi, ndio unaopima kamera itakavyofanya kazi kwenye chumba chenye taa moja. Kamkoda ndogo za bei ya chini zina sensa ya 1/5.8 ya inchi, upana wake usiozidi milimita chache. Zile za kati ziko karibu na 1/2.5, na za juu zina sensa ya inchi 1, yenye upana wa takriban milimita 13. Sensa ndogo ikikosa mwanga, kamera huongeza nguvu ya umeme na picha hujaa chembechembe, hasa kwenye vivuli vya uso na nywele. Usikate tamaa kwa hilo. Mwanga unanunulika kwa bei ndogo kuliko sensa: dirisha lililo upande wa mgeni, nyuzi 45 kutoka usoni, linatosha mchana mzima, na taa moja ya LED yenye kitambaa cheupe mbele inatosha usiku.

Jambo linaloharibu mahojiano mengi huku kwetu ni kamera kujipimia mwanga. Mwenye ngozi nyeusi aliyevaa kanzu nyeupe na kuketi mbele ya ukuta mweupe ni mtihani kwa kamera yoyote. Inaona weupe mwingi, inapunguza mwanga, na uso unakuwa kivuli kisicho na macho. Kwa hiyo hakikisha kamera inakuruhusu kuweka mwanga kwa mkono, au angalau kugusa uso kwenye skrini ili ipime hapo, kisha kufunga kipimo kisibadilike. Pandisha mpaka uone mikunjo ya kope na mng'ao mdogo kwenye paji la uso. Kanzu ikipoteza nyuzi zake kidogo si hasara, maana mtazamaji anaangalia macho. Kama kamera ina michirizi ya zebra (mistari inayochorwa kwenye skrini juu ya sehemu zenye mwanga uliofika kiwango ulichochagua), iweke kwenye 95 au 100 ikuonyeshe sehemu zilizoungua. Ushauri ulioenea wa kuweka 70 kwenye uso ulitokana na ngozi nyeupe, na ukiufuata kwa ngozi nyeusi picha itakuwa imepauka.

Fokasi, yaani kulenga ili picha ionekane wazi, nayo ifungike. Fokasi ya kujiendesha yenyewe hufanya kazi vizuri mpaka mgeni anyooshe mkono mbele ya uso, ndipo kamera inapoufuata mkono na kurudi kwa kusuasua. Vuta zumu hadi mwisho kwenye jicho, acha fokasi ikae, ifunge kwa mkono, kisha rudisha fremu unayoitaka.

Wengi wanataka ukungu nyuma ya mgeni kama wa sinema. Kwa sensa ndogo unaupata kwa kupanga chumba: mgeni akae angalau mita 2 mbele ya ukuta, kamera irudi nyuma mita 2.5 hadi 3, kisha uvute zumu mpaka fremu iwe kifua na kichwa. Hapo zumu ya mara 10 inatosha kabisa, mradi iwe ya lenzi. Zumu ya kidijitali inakuza tu picha iliyokwisha kupigwa.

Hapo ndipo zilipo kamkoda zisizo na jina kubwa, zinazouzwa kwa maandishi ya 4K na 48MP, zikiwa na maiki na taa ndani ya sanduku. Nyingi zina lenzi ya fokasi isiyobadilika, zumu ya kidijitali peke yake, na haziruhusu kuweka mwanga kwa mkono. Tundu la maiki zinalo, ndiyo, ila kila kitu kingine kilichotajwa hapa hazina. Tafuta maneno Optical Zoom yaliyoandikwa kwenye mwili wa kamera au kuzunguka lenzi. Yasipokuwepo, simu yako huenda ikaishinda.

Na 4K? Ina faida moja ya kweli kwa mwenye kamera moja: ukitoa video ya Full HD, unaweza kukata fremu ya kifua ikawa ya uso bila kupoteza ubora, na hivyo kuficha pale ulipopunguza jibu. Gharama yake ni kompyuta. Faili za megabiti 100 kwa sekunde hukwamisha laptopu nyingi za gigabaiti 8 za RAM. Kati ya kamera ya 4K isiyo na hedifoni na ya Full HD yenye matundu yote, chukua ya pili.

Umeme wa hapa na kamera ya kule

Kenya, Tanzania na Uganda hutumia umeme wa hezi 50, na TV zake fremu 25 kwa sekunde. Marekani na nusu ya Japani ni hezi 60, na kamera za masoko hayo hurekodi fremu 30 au 60. Kamera zilizotumika zinazoingia kutoka huko ni nyingi na bei yake inavutia. Tatizo huonekana ukiwasha taa. Taa za hezi 50 hupepesa mara 100 kwa sekunde, na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde hunasa mipepeso isiyolingana kati ya fremu na fremu, hivyo picha inapumua au inapitiwa na mistari. Dawa ni kuweka shata kwa mkono kwenye 1/50 au 1/100. Kama kamera hairuhusu kugusa shata, iache.

Baadhi ya kamera hubadilishika kati ya 50 na 60 kwenye menyu, nyingine hazibadiliki kabisa. Ingia kwenye menyu mwenyewe uone. Kama utachanganya picha na za mwenzako au kupeleka kituo cha TV, fremu 25 au 50 zitakuepusha na mishtuko ya kubadilisha kasi. Angalia pia lugha: kamera nyingi za Sony zilizouzwa Japani zina menyu ya Kijapani peke yake. Chaja haina shida ikiwa imeandikwa 100-240V.

Kadi na betri

Hesabu ya nafasi ni rahisi. Gawa megabiti kwa 8 upate megabaiti kwa sekunde, kisha zidisha kwa 3,600 upate saa moja. Video ya megabiti 24 inakula gigabaiti 10.8 kwa saa, ya 28 inakula 12.6, ya 50 inakula 22.5, na ya 100 inakula 45. Kwa Full HD ya megabiti 28, kadi ya gigabaiti 64 inabeba mahojiano ya karibu saa tano. Nunua mbili za 64 badala ya moja ya 128, ili ajali ya kadi isichukue kila kitu. Alama ya kasi ya U3 au V30 kwenye kadi inatosha hata kwa 4K ya megabiti 100.

Kadi bandia ni janga. Imeandikwa 64 lakini ndani ni 8, na inakubali kurekodi bila kulalamika. Faili unaliona na jina lake, halifunguki. Kila kadi mpya ijaribiwe kwa programu ya bure, H2testw kwenye Windows au F3 kwenye Mac na Linux, ambayo huijaza yote na kuisoma tena. Huchukua muda mrefu, na ni muda wa haki.

Kamera za mfumo wa AVCHD, aina ya faili za video za kamkoda nyingi za Full HD, hukata video ndefu vipande vya gigabaiti 2 au 4, yaani kila dakika 11 au 22 hivi kwa megabiti 24. Ukinakili faili za MTS moja moja na kuzipanga mwenyewe, neno linaweza kuruka pale vipande vinapokutana. Nakili folda nzima ya PRIVATE kama ilivyo, kisha iachie programu ya kuhariri au ya mtengenezaji iviunganishe.

Betri inayokuja na kamera mara nyingi ndiyo ndogo kuliko zote. Kwa Sony za familia ya NP-FV, tafuta FV70A au FV100A. Kamera nyingi pia hurekodi zikiwa kwenye umeme wa ukutani, jambo zuri kwa mahojiano ya ndani. Acha betri iliyojaa ndani yake hata hivyo, ili umeme ukikatika kamera iendelee bila kujua.

Zipi za kutafuta

Kwa bajeti ndogo, Panasonic HC-V770 ya 2015 bado ni chaguo letu la kwanza kati ya zilizotumika: matundu yote mawili, zumu ya lenzi ya mara 20, na udhibiti wa mkono. Canon Vixia HF R800 ni nafuu zaidi na ina tundu la maiki, ila ni ya soko la Marekani, kwa hiyo kumbuka habari ya shata. Ukitaka 4K, Sony FDR-AX43 na FDR-AX53 zina matundu yote mawili na lenzi ya mara 20. AX53 ina kiona-picha cha jicho, AX43 haina, na tofauti hiyo utaiona siku ya kwanza ukirekodi barazani saa sita mchana, skrini ikiwa haisomeki. Anayejua kwamba kazi itaendelea kwa miaka aongeze fedha afikie Canon XA11 ya 2017: Full HD tu, lakini ina XLR mbili kwenye mpini na nafasi mbili za kadi zinazoweza kurekodi kwa pamoja.

Kamera za kanda za MiniDV ziache hata zikiwa za bei ya kutupa. Kanda ni adimu, vichwa vyake vimechakaa, na kompyuta za sasa hazina tundu la FireWire la kupokea picha.

Kamera isimeze zaidi ya nusu ya fedha zako. Iliyobaki ni ya maiki, hedifoni za kufunika masikio, betri ya pili, kadi mbili, na stendi isiyotetemeka ukigusa kamera, inayofika usawa wa macho ya mtu aliyeketi, yaani mita 1.1 hadi 1.2.

Dakika kumi za kaunta

Nenda dukani, iwe Kariakoo ya Dar es Salaam au Luthuli ya Nairobi, ukiwa na kadi yako, maiki yako, hedifoni zako na laptopu ukiweza. Rekodi dakika kumi mfululizo huku ukisikiliza. Wakati huo, tikisa plagi ya maiki taratibu. Mkwaruzo wowote unaonyesha tundu lililolegea, ugonjwa wa kawaida wa kamera zilizotumika. Vuta zumu mwanzo hadi mwisho mara kadhaa usikilize kama inakwama. Fungua na kugeuza skrini pande zote, kwani waya wake wa utepe hukatika kwenye bawaba na picha huzimika kwa pembe fulani. Funika lenzi kabisa uangalie kwenye giza: vidoti vyeupe visivyohama ni pikseli mbovu. Toa betri uiweke juu ya kioo cha kaunta. Ikizunguka kama pia ya kuchezea, imevimba. Kisha nakili faili kwenye laptopu uitazame huko, maana skrini ya kamera huficha makosa.

Mwisho mulika tochi ya simu ndani ya lenzi kwa pembeni. Kwa kamera zilizokaa Mombasa, Tanga, Unguja au popote penye unyevu wa bahari, kuvu huonekana kama nyuzi za buibui zilizosambaa kwenye kioo. Ikiwa ndani ya lenzi, usinunue, kwa sababu kuifungua kamkoda kusafisha hugharimu na mara nyingi picha haikai sawa tena. Ukinunua safi na unakaa pwani, ihifadhi kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri pamoja na vifuko vya silika jeli, uvibadilishe vinapolowa, na usiiache miezi ndani ya mkoba wa ngozi.